Yah: Dakika Mbili za Kufumba Jicho

Adelfina Niyokwizera,
Kidato cha Tatu,
Ntobeye, Ngara.

Ndugu Muuguzi Priscila wa kliniki ya macho,

Shikamoo. Naandika kwa sababu nikikuona ana kwa ana ulimi unanata. Uliniagiza nitie tone la steroidi kila baada ya saa mbili, nifumbe jicho, niinamishe kichwa na kubonyeza kona iliyo karibu na pua kwa dakika mbili, ili dawa izame jichoni ikatulize uvimbe wa ndani, isikimbilie puani. Nimetii. Matokeo ni haya:

1. Darasani mwenzangu Gidioni anauliza kwa sauti, "Wewe Adelfina, unalia au unanikonyeza?" Sijawahi kumkonyeza mtu. Nimewahi kufikiria tu, mara moja.

2. Tone la saa sita linaangukia kengele ya sala ya Malaika wa Bwana. Jumamosi bibi yangu Agripina alinikuta uani nimeinama, chozi linatiririka, akamtangazia katekista kwamba nina wito wa utawa. Nilimsomea karatasi ya dawa, nikiitafsiri kutoka Kiingereza. Akasema, "Hata hicho Kiingereza amekupa Mungu, mjukuu wangu."

3. Jirani yetu, mzee Telesfori, aliniomba nikifumba niyaombee mvua maharage yake. Mvua ikanyesha siku hiyohiyo! Sasa waombaji ni watano, na mmoja analeta mbuzi mgonjwa.

4. Hili nakiri kwa aibu. Siku tatu sikufumba wala kubonyeza. Dawa ikapitia puani, nikaionja chungu kooni, na jicho likarudia wekundu. Koo, ambalo halikuwa likiuma, limetibiwa vizuri sana.

Kwa hiyo naomba ruhusa ya kuacha, au unipe dawa ya kumeza, itafute yenyewe njia ya kwenda jichoni. Ikishindikana, njoo umweleze bibi, maana Jumapili ananipeleka Rulenge kwa masista, na gauni limeshashonwa.

Nisalimie wote hapo kliniki, hasa yule mama aliyenipisha kwenye benchi.

Mgonjwa wako mtiifu (ukitoa zile siku tatu),
Adelfina

Tanbihi: Leo ni siku ya tisa tangu nirudie kubonyeza. Barua hii nimeiandika nikiwa nimefumba jicho zima. Lile bovu limesoma kila mstari. Tafadhali usiniruhusu kuacha. Bibi naye usimwambie kitu mpaka Telesfori avune; masista nitawaeleza mwenyewe. Na jicho hilohilo limeona leo asubuhi kwamba anayekonyeza ni Gidioni.