Fungate Yetu na Ufa wa Ukutani

Jumapili, 11 Februari 1968
Siku ya tatu ya fungate. Twalibu amenimenyea chungwa bila ganda kukatika. Refu kama utepe. Nimelihifadhi ndani ya daftari hili. Chumba chetu kinanukia udi na udongo mpya. Kila tofali alilifyatua mwenyewe, miezi saba, kwa ajili yangu. Mimi, Zamda, mke wa mtu!

Mzee Abasi, balozi wetu wa nyumba kumi, amepita. Anasema bonde la mpunga linajaa maji. Kila nyumba ya huku chini ichimbe mtaro, iinue kizingiti, ipandishe nafaka juu ya uchaga. Nikamwamkia kutoka dirishani, nikamweleza kwamba bwana harusi hashiki jembe mpaka fungate iishe. Akasema sawa, mwanangu, ila maji hayakupewa taarifa ya harusi.

Jumatatu, 12 Februari
Twalibu aliamka akashika jembe. Nikashika kichwa, eti kinauma. Nikalegea vizuri sana mlangoni. Akaliweka jembe chini, akanikanda kwa mafuta ya karafuu hadi adhuhuri. Mume wa namna hii yuko mmoja tu Itetemia nzima. Jembe nimelificha chini ya kitanda.

Jirani yetu Mwanamkuu anachimba mtaro na mumewe Mfaume, matope magotini. Akaniuliza kwa sauti kama maji nitayapokea na wanja machoni. Nikamwonea huruma. Miaka kumi na miwili ya ndoa, wamebaki na majembe tu.

Jumanne, 13 Februari
Mvua tangu alfajiri. Alasiri maji yakaingia, polepole, kama mgeni mwenye haya. Mkeka ukaelea. Twalibu akauliza jembe liko wapi. Nikaonyesha kwa kidole, chini ya kitanda.

Alipoinama kulitoa, ukuta ukalia. Akalitupa, akanivuta nje. Matofali manne ya juu yalidondokea mto wake wa kulalia.

Hakunilaumu. Alisimama mvuani akiutazama ukuta wake. Una ufa sasa, mkono wangu unapita.

Jumatano, 14 Februari
Tumelala kwa Mwanamkuu. Kwake pakavu. Maji ya kunywa anayachemsha, maana kisima kimeingiwa na maji ya vyoo. Nilimwomba radhi. Akanipa uji, akasema kula, bibi harusi, wanja umefika kidevuni.

Bwana afya naye kaja. Nyumba yenye ufa asilale mtu humo mpaka kuta zikauke na fundi azikague. Huenda wiki tatu. Twalibu akaitikia. Hapa wanaume wanalala ukumbini, wanawake chumbani. Wiki tatu!

Ijumaa, 16 Februari
Nimefikiri sana. Fungate yetu ilikatika siku ya tano. Siku mbili zilizobaki ni haki yetu.

Twalibu alipokwenda msikitini nilirudi nyumbani peke yangu. Nikauziba ufa kwa udongo, nikapaka chokaa, nikatundika juu yake kanga yangu ya harusi. Kasoro haionekani tena. Aliporudi nikamwambia fundi amepita, amesema pamekauka. Alinitazama kidogo. Akaniamini.

Sasa anatandika kitanda, upande ule ule wa ukuta. Anaimba kwa sauti ya chini. Ganda la chungwa bado linanukia.

Kanga imeanza kulowa pembeni. Si kitu. Doti ina kanga mbili. Kesho nitatundika ya pili.