Waya Ulionyooka Kama Rula

Alhamisi, 14 Novemba
Jumapili kaka yangu Arvid anatimiza miaka themanini. Yuko Alaska, kibandani, hana simu. Nitampata kwa redio ya mawasiliano tu. Na waya wa antena yangu, kutoka dohani hadi kwenye msonobari, umelegea katikati. Aibu! Lazima unyooke.

Jirani yangu Marlys, aliyefundisha kemia nilipokuwa nafundisha fizikia, akachungulia uani na kuniambia niuache ulegee. Waya wa antena yake unaning'inia kama kamba ya nguo. Ncha moja imepita kwenye gurudumu la kapi mtini, ikafungiwa ndoo ya mawe. Ndoo! Nikamwuliza kama kisima kiko huko juu.

Ijumaa, 15 Novemba
Nimeukaza kwa winchi ya mashua. Rula kabisa! Nieleze, kwa faida ya atakayesoma: waya uliolegea hubeba uzito wake kwa raha. Kadiri unavyonyooshwa, ndivyo unavyozivuta ncha zake kwa nguvu zaidi. Nimelifundisha somo hili maisha yangu yote. Lakini wanafunzi hawakuwa na winchi kama hii.

Jumamosi, 16 Novemba
Mvua ya barafu. Waya umegandiwa barafu, umenenepa kama mshumaa. Kisha upepo. Msonobari ukainama, dohani ikakataa kuinama. Paa! Waya umekatika, tofali la dohani limetua kwenye sufuria ya viazi na nyama niliyoiweka barazani ipoe. Na kesho Arvid atangoja!

Ndoo ya Marlys? Mti ukiinama, inapanda. Mti ukisimama, inashuka. Waya wake mzima! Jioni akaja na kapi na ndoo ya akiba, akasema haya, Mwalimu, kisima chako hiki.

Jumapili, 17 Novemba
Marlys ameunga waya, tumefunga ndoo. Nikaita. Mikwaruzo. Nikaita tena. Arvid! Akasema ananisikia kama niko jikoni kwake, akauliza mbona nalia. Nikamwambia ni mafua. Tukamwimbia. Nikamweleza pia uvumbuzi wangu mpya wa ndoo. Marlys akakohoa sana.

Jumatatu, 18 Novemba
Arvid anataka tuongee tena Jumapili. Furaha iliyoje! Ila ndoo inapanda na kushuka kutwa nzima, haina nidhamu. Nimeifunga kwenye shina kwa mnyororo. Sasa imetulia, na waya umenyooka kama rula. Wanasema mvua ya barafu inarudi. Ije!