Maji ya Mkwe na Mchicha wa Mama

Jamani, leo nimeadhirika. Si kwa bosi, si kwa majirani. Kwa mama mkwe! (Majirani nao walikuwepo, lakini hao tutawafikia.)

Mimi ni mtoto wa Tanga. Kwetu jasho lenyewe ndilo linalokukumbusha kuoga. Kazi ikanileta Dodoma, nikapanga chumba na sebule mtaa wa Kikuyu, nikampata na mke, Yunisi, binti wa huko Mvumi. Yote nashukuru. Ila hakuna aliyenitahadharisha kuhusu baridi ya Juni na Julai. Ule upepo wa asubuhi hauji kukupiga tu, unachagua kwanza mfupa wa kuanzia.

Bafu letu liko uani. Ukuta wake haufiki kwenye bati, na kwenye ule uwazi ndipo upepo unapopita. Msiniambie habari za maji ya moto. Ukijimwagia kopo la kwanza, raha mustarehe. Ukiinama kuchota la pili, upepo umeshakukuta umelowa na huna pa kukimbilia.

Basi nikawa napiga pasipoti. Uso, shingo, makwapa, miguu, imetosha. Maji yanayobaki namwaga sakafuni, kopo moja moja, na katikati natulia kidogo kama mtu anayejisugua mgongo. Na sauti lazima utoe: "Ssss! Aaah!" Mwisho nalowesha nywele na taulo. (Taulo kavu limeshawaponza wanaume wengi.)

Yunisi, maskini, kila asubuhi ananibandikia maji kwenye gesi kabla hata hajanywa chai. Yeye anaoga ya baridi huku anaimba.

"Umeoga, baba?"

"Nimetakata, mke wangu."

Ndipo mama mkwe akaja kututembelea. Hapa naomba mnielewe nilikuwa kwenye hali gani. Baba mkwe hakunitaka tangu mwanzo. Alitaka bintiye aolewe na mtu wa huko huko, ambaye ukoo wake anaujua. Alikubali kwa kusitasita, na mkewe alipokuwa anaondoka Mvumi akamwambia: "Kakae nao. Ukirudi utaniambia binti yetu tumempa mtu gani."

Kwa hiyo mama hakuja kusalimia tu. Alikuja kunikagua.

Nikajirekebisha, jamani! Nikawa naamka kabla ya watu. Shikamoo ya asubuhi, shikamoo ya kurudi kazini. Siku za mgao nikawa najaza madumu mwenyewe. Mlenda nilikula mpaka nikaupenda kweli. Mama naye alikuwa mpole sana kwangu, ila kwa ile heshima ya mkwe, hata usoni haniangalii. Akinitaka kitu anamwambia Yunisi, nami nimekaa hapo hapo.

Jambo moja tu lilikuwa linamkera: kuona maji yanapotea. Asubuhi yake ya kwanza kwetu alichukua beseni akaliweka nje, chini ya bomba linalotoa maji bafuni. Nikadhani ni ya kudekia. Nikamsifia hata kwa Yunisi, nikasema mama yako ana akili sana. (Ningejua!)

Leo, Jumamosi, ndiyo siku ya mama kurudi. Mjomba Yona, kaka yake, amekuja na pikapu yake kumchukua. Asubuhi nimeingia bafuni nikapiga pasipoti safi kuliko zote, nikatia na mluzi ili mjomba asikie mkwe anaoga. Mchana tukakaa kula: mimi, Yunisi, mama, mjomba, na Mama Dorini wa chumba cha pili, ambaye harufu ya mbuzi haijawahi kumkuta hayupo. Ugali wa uwele, nyama, na mchicha wa kijani kilichokoza.

Mjomba akaonja. Akaonja tena.

"Dada, huu mchicha mmenunua wapi?"

"Nimeupanda mwenyewe. Hapo nyuma ya bafu."

"Kiangazi hiki? Na mgao huu? Unamwagilia nini?"

Mama akajibu bila wasiwasi wowote:

"Maji ya mkwe."

Mjomba akaacha kutafuna. "Maji yake yapi?"

"Ya kuogea."

Tonge likarudi kwenye sahani. "Sasa dada, unanilisha sabuni?"

"Sabuni itoke wapi? Kula, Yona, usiogope. Hayo maji hayajagusa mtu."

Nikainamia sahani yangu.

Mama akaendelea, macho kwenye bakuli, sauti ile ile ya upole. "Maji ya Yunisi yana povu, hayo nadekia. Ya baba huyu yakaja meupe kama ya dumuni. Nikasema pengine mtoto wa watu hana sabuni, anaona haya kusema. Nikamnunulia kipande. Mpaka leo maandishi yake yanasomeka. Basi nikaona yasipotee bure, nikapanda mchicha."

Yunisi akageuka kunitazama. Pole pole.

"Kumbe kila siku nachemsha maji ya mchicha?"

"Mke wangu, siku hizi kuna sabuni ambazo hazi..."

"Na gesi yangu!"

Mama Dorini akapaliwa. Mjomba akampiga mgongoni, lakini naye mabega yanamtikisika.

Nawaambia ukweli, hapo sikuona cha kucheka. Niliona aibu hadi machozi yakanikaribia. Mwezi mzima wa adabu, madumu yote yale, kisha mama anarudi kumwambia baba mkwe kwamba binti yao wamempa mtu asiyeoga! Mzee si atakuja na pikapu hiyo hiyo kumchukua mwanawe?

"Mama, nisamehe," nikasema. "Ni baridi. Kwetu hatuna baridi hii."

Mama akamgeukia binti yake.

"Yunisi, bandika maji. Ndoo nzima. Siondoki nikamwacha mwanangu huyu hajaoga."

Mama mwenyewe, kwa heshima ya mkwe, hawezi kusogelea bafu nikiwa ndani. Akaingia jikoni akafunga mlango. Kazi akampa mjomba: achukue kigoda, akae penye beseni, atoe taarifa.

Ndugu zangu, nimeoga chini ya ulinzi. Niko ndani natetemeka, upepo unafanya kazi yake, na nje nasikia:

"Yona! Vipi?"

"Bado, dada! Haya ni ya mchicha!"

Nikaongeza kopo.

"Sasa je?"

"Bado meupe! Mkwe, acha utani na mzee!"

Nikaichukua ile sabuni, nikafumba macho, nikajisugua kichwa mpaka nyayo. Nikamwaga. Kisha mjomba akapaza sauti ikajaa ua mzima:

"Limetokaaa! Povu limetoka!"

"Jingi?"

"Jingi! Na udongo mwekundu umo!"

Mama Dorini akapiga vigelegele. VIGELEGELE! Wapangaji wa nyumba ya jirani wakatoka kuuliza nani anaolewa.

Nilipotoka na taulo langu (limelowa kihalali) hakuna aliyeweza kunitazama bila kucheka. Yunisi alikuwa ameegemea ukuta, ameishiwa nguvu. Nikavaa masweta mawili, nikabeba mizigo ya mama mpaka kwenye pikapu, nimeinamisha kichwa.

Mama akapanda. Mjomba akawasha gari. Nikaona nikinyamaza sitalala.

"Mama, huko nyumbani... mzee utamwambiaje?"

Kwa mara ya kwanza tangu aje, mama mkwe akanitazama usoni. Akaushika mkono wangu, akaunusa kidogo, akatabasamu.

"Nitamwambia tumempa mtoto wetu mtu mwema. Anaamka mapema, na bustani anaimwagilia mwenyewe."

Pikapu ikaondoka. Mjomba alikuwa anacheka mpaka anakata kona.

Sasa naomba mtu asinicheke. Baridi hii, nusu yenu mnasoma hapa na bado mpo kwenye pasipoti. Tofauti yetu ni kwamba ninyi hamjapandiwa mchicha.