Malalamiko Dhidi ya Migomba ya Mke Wangu

Ndugu Mhariri,

Kwa heshima na taadhima, mimi Eliseo Archuleta, mwenye umri wa miaka sitini na moja, nimehama kwangu. Nakuandikia kutoka kwa dada yangu Otilia, mjini Taos, nikiomba gazeti lako lipige vita nyumba za takataka kama ile aliyonijengesha mke wangu Bersabé kule jangwani. Sababu ni hizi:

1. Kuta ni matairi makuukuu. Nimeshindilia udongo kwa nyundo ndani ya matairi mia tatu na kumi, na mgongo wangu unayakumbuka yote. Yalipopungua manne, niliamka nikakuta gari langu limekalishwa juu ya mawe. Lilikuwa linatembea vizuri tu.

2. Ukuta wa bafu ni wa chupa tupu za mvinyo, zile za kijani. Binti yetu kapata mchumba mstaarabu, ila hanywi mvinyo. Bersabé alimtazama juu hadi chini, akauliza, "Na chupa zake ziko wapi?" Harusi inasubiri chupa arobaini.

3. Hili ndilo lililonihamisha. Maji yetu ni ya mvua na theluji tu. Nikishaoga yanakwenda kwenye migomba iliyopandwa humo humo ndani, ndipo yanapokwenda chooni. Kwa hiyo siogi nikichafuka, naoga migomba ikinyauka. "Baba Graciela, jua kali leo, kaoge tena!" Mara ya tatu kwa siku! Nilipothubutu kutumia sabuni ya manukato, mgomba mmoja ulikufa, na mke wangu akaninunia wiki nzima. Mwenye nyumba ni nani, Ndugu Mhariri, mimi au ndizi?

Nilipofunga mizigo nilitarajia machozi. Bersabé alisema, "Haya, nenda. Lakini oga kwanza." Nilioga. Iliniuma sana.

Nisalimie wahariri wenzako, wapiga chapa, na yule bwana anayetupa gazeti mlangoni.

Wako katika dhuluma,
Eliseo Archuleta

Nyongeza: Theluji imekata umeme mjini tangu juzi, na hapa tunalala na makoti. Bersabé amepiga simu. Kwake kuna joto kama kawaida, maana yale matairi ya udongo hutunza joto la jua, ila migomba imeinamisha majani. Hakuniomba nirudi. Tafadhali usiichapishe barua hii, na kama ofisini kuna chupa za kijani, niwekee. Otilia analalamika kwamba nanuka, lakini leo siku ya nne nimekataa kuoga: siwezi kumwaga maji kwenye mtaro wa watu na migomba yangu ina kiu. Kesho narudi nyumbani.