Bwawa Langu Linakaguliwa

Jumatatu, 9 Machi
Barua imefika. Mkaguzi anakuja Alhamisi kuamua kama bwawa letu lifungwe. Miaka ishirini na mbili nimeliendesha peke yangu: lango moja, mtambo mmoja unaokohoa, umeme wa zahanati na nyumba kumi na moja. Kiangazi kimeukondesha mto. Mtambo unajikokota. Shemeji, mdogo wa mke wangu, muuza paneli za jua, amekuja kunipa pole kabla ya msiba. Akapima paa langu kwa kamba. Sikumwomba.

Jumanne, 10 Machi
Nina mpango. Nimefunga lango kabisa. Maji yajae, Alhamisi niyaachie kwa mkupuo, mkaguzi aone nguvu. Zahanati nimewaambia ni matengenezo. Nesi akauliza friji ya chanjo itakuwaje. Nikamjibu subira huvuta heri. Amezipeleka chanjo kwa shemeji, mwenye friji ya jua.

Jumatano, 11 Machi
Mke wangu amerudi na beseni la nguo zenye povu. Alikuwa anasuuza, mto ukamkaukia miguuni.
"Baba watoto, mto umeupeleka wapi?"
Nikasema ni kiangazi. Akaitazama mikono yangu, grisi hadi viwikoni. Akaenda kuanika nguo na povu lake. Heri angenitukana.

Alhamisi, 12 Machi
Mkaguzi ni kijana mpole. Nikafungua lango lote. Kwa dakika nne mtambo uliimba! Taa za zahanati ziliwaka kama za harusi. Machozi yakanilenga. Kisha beringi ikalia, mkanda ukakatika, mtambo ukasimama. Tumelowa wote wawili.

Akauliza kama nilisoma ukurasa wa pili wa barua. Kumbe kulikuwa na ukurasa wa pili. Wanatafuta mitambo mikongwe inayoweza kuzunguka kwa maji machache, waikarabati.
"Ungeuacha ukohoe tu, mzee, ningeupitisha."
Nikakaa juu ya ndoo. Ilikuwa na maji.

Ijumaa, 13 Machi
Bwawa linafungwa mwisho wa mwezi. Shemeji yuko juu ya paa la zahanati, anapiga mluzi. Nimeshinda chumba cha mitambo nikipangusa chuma kilichokufa. Mke wangu akaniletea chai, akaketi nami. Hakunilaumu. Tulisikiliza maji yakipita bila kazi. Sijui mtu wa umri wangu anaanzia wapi.

Jumamosi, 14 Machi
Nimepata pa kuanzia. Wananchi wakililia bwawa lao, nani atathubutu kulifunga? Nimeandika ombi lenye majina ishirini. Kumwuliza kila mmoja kungechelewesha mambo, kwa hiyo nimewasaidia hata kutia alama ya kidole. Vidole vya mikono viliishia jina la kumi. Mke wangu ameingia akanikuta nimevua viatu, mguu mmoja mezani, wino hadi kifundoni. Ametoka na kurudishia mlango taratibu.

Dole gumba la mguu wa kushoto limetoka kubwa kidogo. Nimelipatia jina la mwenyekiti wa kijiji.