Mbio za Kuwa wa Mwisho

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa! Kikundi chetu cha ibada ya nyumbani kimefurika. Watu wanakaa mpaka kwenye ngazi za Mama Muuguzi, mstaafu anayetukaribisha sebuleni kwake. Mchungaji anataka kukigawa, na kikundi kipya kinahitaji mlezi. Hakuna kura. Jumamosi anakuja kula nasi chakula cha mchana, kisha Jumapili atamtaja yule aliyemwona akihudumu.

Mlezi ni mimi. Nimeshaamua, bado mchungaji tu kujua. Kikwazo ni Mwashi. Huyu bwana hubeba viti kabla hajaombwa. Tabia mbaya sana.

Nimemweleza mke wangu. Akauliza kama mlezi mpya ataanza na mlango wa jikoni uliong'oka bawaba. Nikamwambia huduma ni kwa watu, si kwa milango. Akaendelea kumenya viazi.

Jumanne, 4 Machi

Nimejifunga kibwebwe. Leo kutembelea wagonjwa. Nikaenda kwa bibi wa kwaya aliyevunjika mguu. Nafika, nakuta ngazi ya mlangoni imejengwa upya, saruji bado mbichi. Mwashi kaniwahi! Nikaikanyaga kwa bahati mbaya. Nusu bahati mbaya.

Nikamwombea bibi kwa nguvu zote, nikazunguka mataifa yote. Nilipofumbua macho alikuwa anakoroma. Nimeihesabu kuwa amani.

Jumatano, 5 Machi

Mchungaji hupenda kusema kwamba mlezi ni mtu aliyemshika mwenzake mkono. Mimi sijamshika mtu. Namhitaji mmoja kabla ya Jumamosi.

Kinyozi wa kona! Hajawahi kukanyaga ibada. Nikaketi kwenye kiti chake, nikangoja mashine imalize upande mmoja wa kichwa, ndipo nikamuuliza habari za roho yake. Hapo hakuna kati yetu ambaye angeweza kukimbia.

Akaizima mashine. Akasema tangu mama yake afariki anakula amesimama, humo humo kwenye sufuria, kwa sababu akiandaa sahani moja machozi yanamtoka. Angependa kuja, ila anaona haya kuingia nyumba iliyojaa watu asiowajua. Akauliza kama kuna mtu atakayekaa naye. Nikamwambia, "Njoo Jumamosi mchana. Utakaa na mimi." Machozi yalinilenga. Kweli kabisa. Kisha furaha ikanipanda, nikatoka mbio kumjulisha mchungaji kwamba nimepata mwanafunzi.

Mchungaji alinisikiliza vizuri. Aliangalia sana upande wa kushoto, ambao ulikuwa bado haujanyolewa.

Alhamisi, 6 Machi

Kwenye milo yetu ya pamoja, anayehudumu hula wa mwisho. Ndio utaratibu. Kwa hiyo atakayekula wa mwisho mbele ya mchungaji ndiye mlezi. Mbona rahisi!

Nimefanya mazoezi nyumbani. Nikaacha wote wapakue: mke wangu, watoto, na shemeji yangu anayekaa nasi, ambaye hula kama mtu anayehama kesho. Nilipofika kwenye sufuria nikakuta ukoko. Shemeji akasema sasa nimeiva kihuduma. Njaa imeniuma mpaka masikio, lakini niko tayari.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeenda na kofia. Kinyozi amekuja! Shati lake limenyooshwa mpaka kola. Mke wangu akampakulia, akarudi jikoni kusaidia. Mimi nikasogea pembeni ya foleni kuwapisha wote. Nageuka, Mwashi yuko nyuma yangu.

Nikamwomba atangulie. Akaniomba nitangulie mimi. Nikamwita ndugu mpendwa. Akaniita kaka mkubwa. Nikaenda kunawa mikono mara ya pili. Akainama kufunga kamba za viatu. Amevaa kandambili! Watoto wakarudi kuongeza, sufuria ikazidi kupungua, sisi tunabembelezana tu.

Nikamwona kinyozi amesimama katikati ya sebule na sahani yake, ananitafuta kwa macho. Nikampa ishara ya mkono asubiri. Ningetoka pale ningepoteza nafasi yangu ya mwisho. Viti vikajaa. Nilipotazama tena, sahani ilikuwa juu ya kabati, haijaguswa, na mlango uko wazi.

Mwashi naye aliona. Akaacha foleni, akatoka kumfuata. Nimeshinda! Nikabaki peke yangu na upawa mkononi. Mchungaji akaja, akaniuliza mgeni wangu yuko wapi.

Jumapili, 9 Machi

Mlezi ni Mwashi. Nimepiga makofi bila viganja kugusana.

Baada ya ibada nikaenda kwa kinyozi. Hakununa wala hakugomba. Alisema tu, "Ulisema nitakaa na wewe."

Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu. Nikayaacha yote. Roho iliniuma vibaya. Nikamwambia nimekosa, anisamehe. Akavuta kigoda, akatafuta sahani ya pili. Tukala tumekaa. Akanisimulia jinsi mama yake alivyokuwa akiimba tenzi huku akifua, na akikosea maneno anaanza upya hata kama nguo zimeshakauka. Tukacheka. Kisha akamalizia upande wa kushoto wa kichwa changu. Wiki nzima sijapata saa nzuri kama ile.

Jumatatu, 10 Machi

Mchungaji kamsikia kinyozi akisimulia, na leo ametuma ujumbe wa simu kwa washirika wote. Anasema jana kuna ndugu alikwenda kula na mpweke, na huo ndio uanafunzi wenyewe. Hakutaja jina! Watu wote wanampongeza Mwashi. Naye anakana, basi wanazidi kumsifu kwa unyenyekevu!

Hili halipiti hivi hivi. Nimempigia mchungaji, nikamwambia nywele zake zimerefuka, aende kwa kinyozi Jumatano mchana. Akanikumbusha kwamba ana upara. Nikasema basi ndevu. Mtu mwenye povu kidevuni haondoki ovyo, ataona kila kitu.

Mke wangu anasema mlango wa jikoni umeanguka kabisa. Nimempa namba ya Mwashi. Si ndiye mlezi?

Jioni nimepita kwa kinyozi kumpanga. Nimemwomba Jumatano aanze kula amesimama, kwenye sufuria, kama zamani, ili mchungaji anione nikimkalisha. Akauliza kama na mimi nitakaa. Nikamwambia inategemea kiti cha mchungaji kitakuwa kimeelekea upande gani.