Biskuti Kumi na Mbili za Kuvukia Bonde

Jumatatu, 4 Novemba
Tumeshuka kwenye treni ya behewa moja, mimi na shemeji Hatanaka, tukaachana hapohapo. Dau: siku tatu, kila mtu avuke bonde kivyake. Atakayetumia zaidi kwa chakula atafagia jaa la mtaa zamu za wote wawili, mwaka mzima. Hatanaka akaingia moja kwa moja mgahawa wa tambi. Mtoto wa tajiri. Mimi, niliyeanza maisha na mashine moja ya kutengenezea ndoo, nimebeba biskuti za mchele kumi na mbili. Huku bondeni ukimpa mtu kitu, hapati usingizi mpaka naye akupe kitu. Biskuti kumi na mbili, milo kumi na miwili. Hesabu ya darasa la pili.

Jioni. Nimempa biskuti Bibi Tokie, shambani kwake. Akanipa figili nyeupe, mbichi, ndefu kama mguu wangu. Nikamdokezea kwamba sijatia kitu tumboni tangu asubuhi. Akasema, "Naona, kijana. Ndiyo maana nimekuchagulia kubwa." Nina miaka sitini na tatu.

Jumanne, 5 Novemba
Mpaka sasa zimetoka biskuti sita. Zimeingia figili nne, boga, gunia la magimbi. Hakuna hata mmoja anayefikiria kupika. Watu wasio na akili ya biashara kabisa.

Nikaziacha figili tatu nyuma ya kibanda cha basi, nikaondoka mwepesi. Baadaye basi likasimama kando yangu. Dereva akashuka amezikumbatia kama vichanga, akasema nimesahau mzigo, Bibi Tokie ameitambua yake. Abiria wote wawili wakapiga makofi. Ikabidi nimpe dereva biskuti. Akapanda, akavuta boga kutoka chini ya kiti chake, akanipa.

Jumatano, 6 Novemba
Mgongo umekataa. Nimetuma mzigo nyumbani kwa posta. Gharama: bei ya mabakuli kumi na tisa ya tambi. Hatanaka alikuwa stesheni ya mwisho, amenenepa. Alikula sita. Nikamweleza kwamba posta si chakula. Akauliza kwani figili huwa tunazivaa.

Jumapili, 10 Novemba
Nimefagia jaa, kunguru wananisimamia. Mpango haukuwa na kasoro. Kasoro ni wakulima. Mjini hakuna anayelima, kwa hiyo nikiwagawia majirani mzigo wangu, watarudisha vilivyopikwa. Nyumba ishirini na mbili! Nimeanza na Mama Iwakiri. Akaipokea figili, akaitazama, akanitazama, akasema nisubiri. Akafunga mlango.

Nusu saa sasa, naandika nikiwa barazani kwake. Lazima anachagua bakuli kubwa.